Mstari Shingoni

Juzi binti yangu alibanwa na kazi, akaniomba nikamchukue mjukuu shuleni, hapo Kilimani. Nikafika mapema, nikaambiwa niketi kwenye benchi nje ya darasa. Mlango ulikuwa wazi na watoto walikuwa wanapaka rangi, ile ya unga inayokorogwa kwa maji, na harufu yake ikanijia puani: chokaa, kitambaa kibichi, maji yaliyolala koponi. Nikasimama, nikatoka, nikaenda kumngoja mtoto langoni juani. Askari akaniuliza, "Shosho, kuna shida?" Nikamwambia hakuna. Ningemwambia nini? Kwamba mimi, bibi mzima mwenye meno ya kuwekewa, nimekimbia rangi za watoto?

Wa rika langu mnajua kwamba wengi wetu hatukufundishwa kuchora. Shule za wakati ule zilikuwa na ubao, chaki na kiboko, na ukitaka kuchora ulichora mchangani kwa kijiti. Yetu ilikuwa ya Wazungu kabla ya Uhuru. Walipoondoka waliacha piano iliyong'oka meno, vichaka vya waridi ambavyo hakuna aliyejua kuvipogoa, na chumba kizima cha kuchorea chenye madirisha makubwa. Baba alikuwa karani katika duka la vitambaa la Mhindi mmoja mjini, na huyo Mhindi ndiye aliyemsemea kwa mwalimu mkuu nikapata nafasi. Tulikaa vyumba viwili uani, nyuma ya maduka ya River Road. Kila asubuhi basi lilinipandisha mlima, likapita chini ya ile hospitali kubwa, likanishusha upande wa Kilimani kwenye nyumba zenye nyasi zilizokatwa.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu mimi ilikuwa ulimi. Nyumbani tulisema Kiswahili cha Mombasa, alikotoka mama. Nikifungua mdomo tu darasani, wenzangu, ambao kwao kila kitu kilikuwa "kitu yangu", walianza kuniigiza na kucheka mpaka wanashika mbavu. Basi nikaufunga mdomo. Mahali pekee nilipokuwa mtu mbele ya watu ni kile chumba cha kuchorea, siku ya Ijumaa mchana, kwa sababu mle hukuhitaji kusema.

Mwalimu wa kuchora tulimwita Madam Nirmala. Alikuwa mwanamke mnene wa Kihindi, sauti yake ya chini, na pindo la sari yake limejaa madoa ya rangi ambayo nadhani hayakuwahi kutoka. Alitukorogea rangi katika makopo ya samli, akatugawia krayoni zilizovunjwa nusu nusu ili zitutoshe. Raba hakuturuhusu. Alikuwa na sheria moja tu na aliirudia kila Ijumaa: mstari ukishatoka umetoka, usiufute, utafutie kazi. Kuna mvulana alichora ng'ombe akampa miguu mitano, darasa zima likamcheka. Madam Nirmala akainama, akamwonyesha jinsi ya kuugeuza mguu wa tano uwe fimbo ya mchungaji. Mvulana akamwongeza mchungaji, na picha ikabandikwa ukutani. Mimi niliona kama uchawi mzuri.

Jioni nilikuwa na mwalimu mwingine. Kama watoto wote wa Kiislamu pale mjini, nikitoka shule nilikwenda chuoni, chumba kidogo karibu na msikiti, tukakaa mkekani tukasoma Kurani. Siku moja maalim alituonya juu ya kuchora vitu vyenye roho, watu na wanyama. Alisema anayechora kiumbe ataambiwa siku ya Kiyama, haya, kipulizie roho basi. Watoto wenzangu waliogopa. Mimi, kwa akili zangu za miaka saba, nikasikia kingine kabisa. Nikasikia kwamba kumbe picha inaweza kutiwa roho, ila lazima upulize. Lile tishio nililichukua kama maelekezo.

Mwaka huo mama akaugua. Alianza kwa kuchoka tu. Akawa anakaa chini katikati ya kazi, mwiko mkononi, akitazama mbele. Kisha akaanza kukonda, na siku moja nikarudi shule nikakuta kitanda chake kimetandikwa na baba amekaa juu yake na viatu vyake. Wamempeleka mlimani, akasema. Nikaomba kwenda kumwona. Akanieleza kwamba hospitali haikubali watoto wodini, kuna askari mlangoni, na hakuna la kufanya. Tangu siku hiyo kila asubuhi basi likipita pale chini nilitazama juu, kwenye yale madirisha. Nilichagua moja nikaamua ndilo lake. Wala sikujua kama ni la wodi au la stoo.

Ijumaa iliyofuata Madam Nirmala alitwambia tuchore mtu tunayempenda. Nikamchora mama amesimama mbele ya jiko la makaa, kanga imemkaa vizuri, anageuza chapati. Nilimchora mnene kama alivyokuwa zamani. Rangi ilipokauka nikaangalia kama hakuna anayenitazama, nikaiinamia karatasi, nikaipuliza taratibu, usoni.

Baba akaichukua kwenda nayo saa ya kutazama wagonjwa. Aliporudi alikuwa na uso ambao sikuwa nimeuona kwa siku nyingi. Akasema mama amecheka. Amesema, mwambie mwanangu amenirudishia matako yangu. Ameiegemeza picha kwenye kabati la kando ya kitanda, na jioni amekunywa uji wote. Sasa niambieni, mtoto aseme nini hapo? Nilijua nimeweza.

Kwa hiyo kila Ijumaa nilimchora. Nilimpa kazi: anateka maji, anafua, anashona kwa cherahani, anatembea barabarani na kikapu. Kulala sikuthubutu kumchora. Madam Nirmala alizoea, akawa ananiwekea karatasi kubwa kuliko za wenzangu bila kusema lolote, na mara moja alinionyesha shingo inavyochorwa. Ndiyo inayobeba kichwa, alisema, ukiikosea mtu hasimami. Nikajifunza kuchora shingo za mama ndefu na zenye nguvu.

Kisha nyanya akaja na treni kutoka Mombasa, mama yake mama. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mkavu, mwenye mikono mikubwa ya mwanamume, na kila alichokifanya alikianza kwa Bismillahi, hata kuvua kiatu. Nililala naye kitanda kimoja. Alinisuka, alinikanda miguu, aliniimbia nyimbo za kwao mpaka nisikie usingizi. Nilimpenda sana, na nataka mjue hilo kabla sijaendelea.

Alipokwenda hospitali mara ya kwanza alirudi, akakaa uani na buibui lake bado mwilini. Baadaye nilimsikia akimwambia baba kwamba mwanawe ni mgonjwa mno, na kwamba pale kabatini mna masanamu. Baba akamjibu kwa heshima kwamba ni michoro ya mjukuu wako, mama, ndiyo inayomfurahisha. Nyanya hakubishana naye. Akashauri itolewe sadaka ya mnyama.

Baba akanichukua mpaka Dagoretti, kwenye machinjio, tukanunua mbuzi mweupe mwenye baka masikioni. Sijui kwa nini alinichukua mimi. Labda hakuwa na wa kuniachia, labda alitaka niwe na sehemu katika dua. Aliniambia, huyu ni wa mama, apone. Mchinjaji alimlaza mbuzi, akamwelekeza kibla, akasema Bismillahi, na mkono wake ukapita mara moja tu, shingoni, kutoka upande hadi upande. Hakutumia nguvu. Ni huo upole ulionitisha. Nyama tuliigawa kwa maskini na majirani, na mimi siku ile sikula.

Ijumaa baada ya hapo ndiyo nilichora picha yangu bora kuliko zote. Mama anatoka katika lango la hospitali kwa miguu yake, uso mkubwa umejaa karatasi, shingo ndefu, na nyuma yake askari amebaki mdomo wazi. Nikaipuliza mpaka nikaona kizunguzungu. Nyumbani nikaitandaza mezani, imalizie kukauka.

Nyanya alikuja akaitazama. Aliitazama muda mrefu, na nikafikiri anaisifu moyoni. Kisha akachukua kalamu ya wino ya baba, akakaa kitako, akasema Bismillahi, akapitisha mstari mmoja shingoni mwa mama, kutoka upande hadi upande, polepole, kwa mkono usiotetemeka.

Akaniona nimekodoa macho, akanivuta kwake akanieleza kwa upole. Malaika wa rehema hawaingii penye sanamu, mwanangu. Mama yako awahitaji. Sasa imekatwa kichwa, si sanamu tena, haina roho. Sasa wataweza kuingia.

Haina roho. Ndilo neno nililolisikia mimi.

Asubuhi yake nyanya alipokuwa akitawadha, nikakumbuka sheria ya Madam Nirmala. Mstari ukishatoka umetoka, utafutie kazi. Nikachukua kipande cha krayoni nyekundu nikaanza kuugeuza ule mstari uwe mkufu. Niliweka ushanga mmoja mmoja, kwa uangalifu, kila ushanga ukikaa juu ya wino kuuficha. Nilianzia chini ya sikio la kushoto. Sikuwa nimefika hata katikati ya koo baba alipoingia amevaa koti, akaikunja picha akaitia kwapani. Nikamwambia bado, baba, bado sijamaliza. Alikuwa na haraka, saa ya wagonjwa ilikuwa inakaribia. Akasema nitamalizia akirudi nayo.

Hakurudi nayo. Kesho yake, Jumapili, watu walijaa uani kabla sijaamka vizuri, na wanawake wa jirani walikuwa wakilia. Walimzika siku hiyo hiyo alasiri. Watoto hatukwenda makaburini.

Nyanya alibaki nasi hadi arobaini. Alipokea watu waliokuja kutoa pole, na kila mmoja alimwambia yale yale kwa sauti ile ile: ni kazi ya Mungu, hana makosa. Alikuwa amefiwa na mtoto wake wa pekee wa kike, na sikumwona akilia hata mara moja. Mimi niliacha kula kutoka mkononi mwake. Akinimegea tonge nafumba mdomo, akinitilia mdomoni nalitema. Sikutaka anisuke. Usiku nilihamia sakafuni, nikalala na mgongo ukutani ili nimwone. Majirani wakasema mtoto ana majonzi, mwacheni. Baba alininunulia maziwa dukani na hayo ndiyo yaliyoniweka hai. Lakini niseme kweli, si mikono yake tu niliyoiogopa. Yangu pia niliificha, niliikalia.

Niliporudi shule, Madam Nirmala alinipa karatasi kubwa kama kawaida. Nikachora. Nilichora watu kwa sababu alisema tuchore watu, lakini wote niliwachora bila shingo. Vichwa vilikaa juu ya mabega moja kwa moja, kama vyura. Mvulana wa ng'ombe wa miguu mitano alicheka, akasema, "Watu yako wako na baridi." Darasa likacheka naye. Ijumaa iliyofuata nikafanya vile vile, na iliyofuata hiyo pia. Madam Nirmala akaja akachuchumaa kando ya dawati langu, sari chini kwenye vumbi, akaniuliza shingo ziko wapi, mbona mimi najua shingo. Nikamjibu nimezificha. Akaniuliza namficha nani. Nikainamia karatasi.

Jumamosi akaja nyumbani. Sikuwahi kumwona mwalimu wa shule ile uani kwetu, na wanawake waliokuwa wakichambua mchele walisogea kumpisha. Alivaa sari nyeupe isiyo na doa. Alikaa mkekani karibu na nyanya, akampa pole, kisha akazitandaza karatasi zangu, za zamani upande mmoja na za sasa upande mwingine.

"Mama," akamwambia, "zamani hii toto nachora shingo, mzuri sana. Sasa hapana shingo. Mimi nauliza, yeye nasema iko naficha. Mimi hapana jua naficha kwa nani. Wewe najua?"

Nyanya alizitazama zile picha, akaenda na kurudi kwa macho, za upande huu na za upande ule. Niliona mkono wake wa kulia ukijifunga polepole, ukaingia ndani ya kanga. Akamshukuru mwalimu, akamsindikiza mpaka mlangoni, akasimama pale hata baada ya mwalimu kwenda zake.

Nyanya aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hatukulizungumza tena jambo hili. Nilikiamini alichoniambia siku ile kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mtu mwenye akili. Nimezaa, nimezika mtoto wangu mmoja kwa mikono yangu, ndipo nikaelewa. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi nilidhani najua maana yake. Kumbe nilikuwa najua maneno tu.

Siku ile, mwalimu alipoondoka, nyanya alipakua wali na mchicha, akaja nao chumbani nilikokuwa, akaketi sakafuni mbele yangu. Hakunisogezea sahani. Aliiweka katikati.

"Nambie," akasema. "Wamficha nani?"

Nilikuwa sijasema naye tangu Jumapili ile. Sauti ilitoka imekwaruza. Nikamwambia kila kitu bila kupumua: kwamba mama nilimtia roho mwenyewe na ilikuwa ikifanya kazi, kwamba yeye alimkata kama mbuzi wa Dagoretti na akasema haina roho, kwamba mimi nilijaribu kuufunika ule mstari kwa shanga na sikumaliza. Nikamwambia aliyemuua mama ni mmoja wetu. Ama ni yeye aliyekata, ama ni mimi niliyechelewa. Na kama ni mimi, nilisema, sitaki kula tena.

Angeweza kunieleza. Maneno alikuwa nayo, alikuwa akiyasema mchana kutwa kwa kila aliyepita mlangoni: kazi ya Mungu, ajali haina kinga, mgonjwa alikuwa amekwisha siku zake. Huyu ni mwanamke aliyeogopa kuulizwa siku ya Kiyama kwa ajili ya picha ya krayoni. Akanitazama usoni, akautazama mkono wangu mmoja niliokuwa nimeukalia. Akautoa taratibu, akaufungua vidole, akaushika.

"Si wewe," akasema. "Wewe huna lako hapa. Ni mimi. Mkono wangu huu. Mimi ndimi niliyemuua mwanangu. Haya, kula."

Nikala. Nilikula wote, na mchicha wote, na yeye akanitazama mpaka tonge la mwisho. Kisha akachukua sahani akaenda nayo bombani uani, akaiosha, na maji yakaendelea kumwagika mpaka jirani mmoja akatoka kuuliza nani anayemaliza maji. Baba ndiye aliyekwenda kufunga bomba. Alimkuta amechutama pale, sahani safi magotini, kanga imeloa chapachapa, anasaga meno asisikike.